Kutokubaliana Bila Hila

Andiko: Matendo 17:16-34

Siku moja baada ya maombi ya Jumatano, mama mmoja alinivuta kando. (Amenikubalia nisimulie, mradi nisimtaje jina.) Alikuwa mweka hazina wa chama chao, na mwenzao mmoja alikuwa ameomba mkopo afungue baa. "Pasta, mimi siwezi kusaini pesa za pombe. Nimefikiria niwaambie tu pesa zimeisha."

Nusura nimwambie, sawa mama, fanya hivyo. Mimi nimesomea biashara, najua vile vitabu vya hesabu vinaweza kuficha mambo. Lakini uongo wa kulinda utakatifu bado ni uongo.

Mwangalieni Paulo kule Athene. Mji umejaa sanamu na roho yake inachomeka ndani. Hakujifanya haoni, lakini pia hakubeba nyundo usiku. Alienda sokoni kila siku akajadiliana na watu. Pale Areopago alianzia na madhabahu yao wenyewe, kisha akawaambia wazi kwamba Mungu anawataka watubu. Wengine wakamcheka, wengine wakasema watamsikiliza tena, wachache wakaamini.

Hata hapa kwetu, mwaka 2010 viongozi wengi wa makanisa walipinga Katiba hadharani, kwa sababu ya mahakama za Kadhi na kipengele cha utoaji mimba. Tarehe 4 Agosti ikapita kwa karibu asilimia 67. Kesho yake tulinunua sukuma kwa jirani aliyepiga Ndiyo. Na Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 32, ndiyo inalinda ibada yetu leo!

Basi nikamwambia mama aseme mkutanoni, huyo dada akiwepo, kwa nini dhamiri yake inamkataza. Mwingine asaini, ama yeye aachie kiti. Wakipitisha, wamepitisha, pesa si zake peke yake. Na asipeleke hiyo story kwa WhatsApp ya kanisa.

Akanyamaza. "Pasta, mzee wangu alipolazwa, huyo dada ndiye alifika hospitali wa kwanza."

Sikuwa na jibu la haraka. Kumwambia mtu mwema usoni kwamba hukubaliani naye ni kugumu kuliko kudanganya hesabu.

Mama alisema. Mkopo ulipita, naye akaachia uweka hazina. Huyo dada bado humpigia simu, ingawa si kama zamani. Tuwaombee wote wawili.