Mwenye Ardhi na Haki ya Kuilima

Wametaja mafakihi wa madhhabi ya Shafii ya kuwa mwenye mnyama ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha, wala hana ruhusa kumkama maziwa hata ndama akadhurika. Ama kisichokuwa na roho, kama nyumba na mfereji, haimlazimu mwenyewe kukitengeneza. Na ardhi imo katika fungu hili la pili. Basi huuliza mwenye kuuliza: mtu akiilima ardhi yake mwaka baada ya mwaka hata ikafa, je, ana makosa, au ni mali yake ameila apendavyo?

Kwanza ijulikane maana ya ardhi kufa. Udongo mwema si vumbi lililolundikana. Ndani yake mna mboji, mna mizizi na nyungunyungu, na mna nyuzi nyembamba za kuvu zishikanishazo chembe za udongo zikawa madonge madogo. Na baina ya madonge hayo ndimo yapitamo maji na hewa. Plau ipitapo huyapasua madonge, huzikata nyuzi, na huingiza hewa kwa wingi. Hapo vijidudu visivyoonekana kwa macho huila mboji upesi. Na mboji iozapo hutoa chakula cha mimea, ndiyo sababu konde mpya ikilimwa huzaa sana. Mkulima hudhani hiyo ni faida, kumbe ni rasilimali aila. Mboji ikipunguka, mvua huupiga udongo ukaganda usoni, maji yakateremka badala ya kuingia, na chini ipitapo plau pakawa pagumu, mizizi haipenyi.

Yaliyotokea katika nyika za kati za Marekani yatosha kuwa mfano. Wakati wa vita vya 1914 hata 1918 bei ya ngano ilipanda, kisha zikaja trekta, na majani ya asili yakapinduliwa kwa eneo kubwa mno. Katika miaka ya 1930 ukaja ukame. Mei 1934 vumbi la nyika zile lilifika New York, na likaangukia merikebu zilizokuwa baharini. Jumapili ya 14 Aprili 1935 mchana uligeuka giza katika Oklahoma na Texas. Na mwezi ule ule serikali ikatoa sheria ya kuhifadhi udongo. Ni kweli ukame hauletwi na mkulima. Lakini ukame ulikwisha kuzipita nyika hizo zamani, na majani yakaushika udongo. Tena vumbi lile liliingia vifuani mwa watu wasiolima hata hatua moja, wengine wakafa.

Atakayesema kuwa udongo una vidudu hai, kwa hivyo una hukumu ya mnyama, amekwenda mbali. Hapana kilimo kisichoua nyungunyungu. Hoja yenye nguvu ni nyingine. Mafakihi wamepambanua baina ya mali kupotea kwa kuacha kazi na mali kupotea kwa kitendo. Aachaye kuinywesha miti yake amefanya la kuchukiza, si haramu, kwani kazi huenda ikamtaabisha. Ama atupaye bidhaa yake baharini bila haja amefanya haramu, ijapokuwa ni yake. Nyumba isiyotengenezwa ni kuacha. Plau ni kitendo! Basi ajuaye kuwa mteremko wake unachukuliwa na mvua, naye bado akaulima toka juu hata chini, ni karibu zaidi na yule wa baharini.

Wala haisemwi kila kulima ni dhulma. Mwaka 1943 Edward Faulkner, Mmarekani, alitoa kitabu cha kuilaumu plau, na tokea miaka ya 1960 wako wapandao bila kuipindua ardhi. Lakini wengi wao huua magugu kwa dawa, na dawa hizo nazo zina madhara yake. Mwenye jembe la mkono aweza kufunika udongo kwa majani makavu na kufukua mashimo ya mbegu tu.

Katika kukodi, jambo ni wazi zaidi. Aliyekodi ardhi kwa kupanda ngano hana ruhusa kupanda kitu kiidhurucho ardhi kuliko ngano. Maana yake mafakihi waliujua udhaifu wa udongo kabla ya plau ya chuma. Na katika waqfu, mwenye kufaidi ana mazao tu, asili si yake. Nadhiri amkodishaye mtu shamba la waqfu bila kumshurutisha namna ya kulima, huku auona udongo ukiteremka mtoni kila masika, ameiacha asili ipunguke mkononi mwake.