Kifo cha Shujaa wa Dukani: Tafakuri juu ya Filamu za Transformers

Wahakiki wengi wa fasihi hawana haja na filamu iliyotokana na kichezeo cha mtoto. Huichukulia kuwa tangazo la biashara lililorefushwa, na kwa vile chimbuko lake ni duka, hudai kwamba haiwezi kubeba ukweli wowote wa kibinadamu. Makala haya yanalipinga dai hilo. Hatufanyi hivyo kwa kuionea biashara huruma, bali kwa kuwa dai lenyewe linachanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali: sababu ya kazi kutungwa, na jinsi kazi hiyo inavyomtendea anayeipokea. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728 kwa ajili ya mtawala, na hatujaona mhakiki aliyeutupa kwa sababu uliagizwa.

Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilichukua vichezeo vya kampuni ya Takara ya Japani, magari na ndege zinazokunjuliwa zikawa roboti, ikavitia sokoni kwa jina la Transformers. Huko Japani nyingi za roboti hizo zilikuwa mashine tu, zikiendeshwa na vijitu vidogo vilivyoketi ndani yake. Utu zilipewa baadaye. Waandishi wa kampuni ya vibonzo ya Marvel, Bob Budiansky akiwa mstari wa mbele, ndio waliozitungia majina, tabia na uadui. Mwaka uo huo tume inayosimamia utangazaji nchini Marekani iliondoa vizuizi vya matangazo ya biashara katika vipindi vya watoto. Mlango ukawa wazi. Katika fasihi tuliyoizoea, mhusika hutangulia na sanamu yake ikamfuata. Hapa sanamu ilitangulia, mhusika akaitwa aje aiuze.

Utaratibu huu ndio uliozaa tukio tunalotaka kulitazama kwa makini. Mnamo Agosti 1986 ilitolewa filamu ya katuni iitwayo The Transformers: The Movie. Ndani yake Optimus Prime, kiongozi wa upande wa haki, anapigana na Megatron, anajeruhiwa vibaya, na kukata roho mbele ya wenzake. Rangi za mwili wake zinafifia hadi akawa wa kijivu. Sababu ya kifo hiki haikuwa ya kisanaa hata kidogo: vichezeo vya awali vilikuwa vikiondolewa sokoni ili kuvipisha vipya. Flint Dille, aliyekuwa mshauri wa hadithi, ameeleza baadaye kwamba hawakutambua kuwa walikuwa wakimwua shujaa; walidhani wanabadilisha bidhaa. Watoto walilia katika kumbi za sinema, na wazazi wakalalamika. Filamu ya G.I. Joe ya kampuni iyo hiyo ikarekebishwa haraka, hata Duke, aliyekuwa amekusudiwa kufa, akatangazwa kuwa amezirai tu. Mwaka 1987 Optimus Prime akafufuliwa kwenye televisheni.

Je, mtoto aliyelia mwaka 1986 alikuwa amelaghaiwa? Mtu aweza kujibu kwamba naam, alililia bidhaa iliyofikia mwisho wa muda wake dukani. Jibu hilo linasahau kazi aliyokuwa ameifanya mtoto mwenyewe. Kwa miaka miwili alikuwa ameketi sakafuni na roboti yake, akiipa sauti, akiitungia vita na suluhu, akiwa mtambaji na hadhira kwa wakati mmoja. Kampuni iliuza plastiki na chuma; mapenzi hayakutoka kiwandani. Basi machozi yale yalikuwa halali, na yalizidi hesabu ya muuzaji.

Ngano zetu zinasaidia kuitambua dosari ilipo. Sungura hana mwenyewe. Mtambaji mmoja akimwua leo, mwingine atamtamba kesho akiwa mzima, na hakuna wa kumshtaki. Optimus Prime naye alikuwa Sungura wa sakafu nyingi mno, lakini hati yake ilifungiwa kabatini mwa kampuni. Wala dosari si kwamba shujaa alikufa. Fumo Liyongo aliuawa na mwanawe mwenyewe, na hadhira ya Waswahili haijadai afufuliwe. Dosari ni kwamba aliyekiamuru kifo hakuwa amemtazama usoni yule aliyekufa.

Twende sasa kwenye filamu za waigizaji hai. Ile ya kwanza, iliyoongozwa na Michael Bay mwaka 2007, iliingiza zaidi ya dola milioni 700. Sauti ya Peter Cullen, aliyemwigiza Optimus Prime katika katuni, ilihifadhiwa. Hilo ni jambo la heshima. Bumblebee, aliyekuwa gari dogo la Volkswagen, aligeuzwa kuwa Chevrolet Camaro, hivyo filamu ikauza kichezeo cha mtoto pamoja na gari la baba yake. Kisha ikaja Revenge of the Fallen ya mwaka 2009. Humo Optimus Prime anauawa na Megatron msituni, na kabla filamu haijakwisha anafufuliwa.

Ni kifo hiki cha pili kinachotutia wasiwasi zaidi. Kile cha 1986 kiliamuliwa na watu wasiojua thamani ya walichokiua, na kwa sababu hiyo kilikuwa kifo kamili: mtoto alikabiliana na msiba usiokuwa na ahadi. Kile cha 2009 kilitungwa na watu walioijua vyema thamani hiyo, wakaipigia bei. Huenda ikasemwa kwamba hata katika ngano aliyemezwa na zimwi hutoka akiwa hai. Ni kweli, lakini humo kurejea kwake kuna gharama na mashaka, na zimwi halimiliki hadithi. Filamu ya Barbie ya Greta Gerwig, ya mwaka 2023, iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.4, ina ujanja mwingine: kampuni ya Mattel inachekwa ndani yake, kwa kicheko ambacho mchekwaji amekiidhinisha.

Linabaki jambo moja kumhusu yule mtoto wa 1986. Alitoka sinema, akafika nyumbani, na roboti yake ilikuwa palepale alipoiacha, nyekundu na buluu. Hakuna hati iliyomzuia kumfufua Optimus Prime jioni ile ile, miezi kadhaa kabla ya kampuni.