Baiskeli Isiyotamanika

Mwanafunzi akaaye katika mabweni ya Mabibo na kusoma Mlimani, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ana swali la kulijibu kila asubuhi kabla ya swali lolote la mwalimu wake: afike vipi darasani? Swali hili huonekana dogo. Aghalabu halihesabiwi miongoni mwa maswali ya falsafa, maana falsafa imezoea kuulizwa habari za roho, haki na mauti, haikuzoea kuulizwa habari za magurudumu. Lakini mtu akilifuata hatua kwa hatua atakuta ndani yake haki ya jirani, tena mahali asipoitazamia.

Miguu ndiyo chombo cha kwanza. Haitaki kufuli wala leseni, na hapana mwizi aliyepata kuiiba ikamwacha mwenyewe nyuma. Ila mlima ni mlima. Chuo kilianza mwaka 1961 mjini, katika Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria. Mwaka 1964 kikahamia juu ya kilima, na tangu hapo kila kizazi cha wanafunzi kimelipa kodi ya jasho. Daladala hupunguza jasho hilo, lakini nauli yake, ndogo kwa siku, huwa kubwa kwa muhula. Bodaboda huwahi zaidi na hutoza zaidi. Pikipiki ya mtu mwenyewe hutaka mafuta, bima na leseni, na katika vyombo vyote hivi ndiyo ipendwayo sana na wezi. Basi mwenye kuhesabu fedha zake vizuri hufikia baiskeli, na papo hapo hukutana na hofu ya kuibiwa.

Ushauri unaotolewa kwa mtu wa namna hii ni wa kale, na husikika Dar es Salaam kama usikikavyo Cambridge na Amsterdam: nunua baiskeli mbovu. Rangi iwe imebambuka, tandiko liwe limeshonwa kwa kipande cha mpira wa ndani, keria iwe imefungwa kwa waya, pedali moja iwe imebaki chuma chake tu. Mwizi haibi ili apande, huiba ili auze. Na kitu kisichouzika hakimshawishi. Ushauri huu una akili. Zaidi ya hayo una ladha ya unyenyekevu, na kwa sababu hiyo watu huusifu kana kwamba ni wema.

Tazama sasa baiskeli mbili zilizoegemezwa nje ya maktaba. Moja ni mbovu kama ilivyoelezwa. Ya pili ni nzima, imenunuliwa na mzazi aliyeuza mazao ya mwaka mzima. Mwizi amekwisha kutoka kwake, hakuja kutalii. Ubovu wa ile ya kwanza haukumrudisha nyumbani, ulimwelekeza kwenye ile ya pili. Hali kadhalika mnyororo mnene. Mtu afungaye baiskeli yake kwa mnyororo wenye nguvu kuliko wa jirani hakuzuia wizi, ameuhamisha. Asubuhi yake huwa na furaha, ya jirani yake huwa na kilio, na mwizi ana fedha zilezile mfukoni.

Yamkini mtu atasema kwamba kosa ni la mwizi peke yake, na mwenye kujilinda hana deni kwa mtu yeyote. Maneno hayo ni kweli kwa upande wa hatia. Hapana hakimu mwenye haki awezaye kumshtaki mtu kwa kununua kufuli. Lakini kukosa hatia si mwisho wa maadili. Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785 juu ya msingi wa maadili, alitaka kila mtendaji ajiulize kama angependa kanuni ya tendo lake iwe sheria ya watu wote. Kwa kipimo hicho mnyororo unashindwa nusu ya safari: wote wakiwa na minyororo, mwizi hununua mkasi mkubwa zaidi, na wote hurudi walipokuwa, ila wametumia fedha. Ubovu unafaulu kidogo zaidi, kwa kuwa ua uliojaa baiskeli zisizouzika haumlipi mwizi taabu ya kuja. Lakini ni ushindi wa namna gani huo? Ni jumuiya nzima kukubali kupanda vyombo duni. Breki mbovu si mapambo ya unyenyekevu katika mteremko wa kutoka Mlimani kuiendea barabara ya Sam Nujoma. Hapa ndipo yaonekanapo madhara ya wizi yasiyoandikwa katika kitabu cha polisi: mwizi humwibia hata yule ambaye hakumgusa. Humnyang'anya breki nzima ambayo mtu huyo angenunua, na taa, na rangi, na raha ndogo ya kumiliki kitu kizuri bila hofu.

Je, ipo kinga isiyomsukumia jirani hasara? Ipo. Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Ian Ayres na Steven Levitt, walitangaza uchunguzi wao juu ya kifaa cha redio kiitwacho Lojack, kinachofichwa ndani ya gari ili gari likiibwa lipate kufuatwa. Kwa kuwa kifaa hakionekani, mwizi hawezi kujua ni gari lipi linacho. Humbidi ayaogope yote. Wizi wa magari katika miji ile ulipungua kwa jumla, na mwenye kukinunua kifaa alipata chini ya sehemu moja ya kumi ya faida yote. Iliyobaki iliwaendea watu wasiolipa kitu. Mnyororo unaoonekana hufanya kinyume chake.

Baiskeli haina haja ya redio. Namba iliyochorwa katika fremu, mahali pasipotazamwa, na kuandikwa katika daftari la bweni pamoja na jina la mwenyewe, hufanya kazi ya ukoo uleule, mradi wengi wafanye hivyo na mnunuzi awe na tabia ya kuuliza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; yaelekea walikuwa wakifikiri juu ya maduka, lakini methali haina hasira ikihamishwa.

Mnunuzi kuuliza: hapo ndipo penye uzito wote wa jambo hili, napo husemwa kidogo. Mwanafunzi aliyeibiwa jana hana fedha leo. Jioni mtu hupita na baiskeli nzima, bei yake robo ya bei ya dukani, hana risiti, na ana haraka. Aliyeibiwa hujiambia kwamba anarudisha tu alichonyang'anywa. Sheria ya Tanzania haimkubalii: Kanuni ya Adhabu humhesabu kuwa mkosaji apokeaye mali ya wizi hali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa imeibwa, na robo ya bei ni sababu ya kutosha kwa mtu mwenye macho. Lakini kuliko sheria kuna hesabu nyingine. Aliyeibwa akinunua cha wizi, mwizi amepata mteja kutoka katika watu aliowadhulumu, na baiskeli ya kesho imekwisha kuagizwa leo. Hapana chombo kilicho rahisi kwa bei kama hiki, na hapana kilicho ghali kama hiki kwa bweni zima.

Wapo waliotaka kuuvunja mzunguko huu kwa kuondoa umiliki wenyewe. Cambridge, mji wa chuo huko Uingereza, uliweka baiskeli za bure kwa watu wote mwaka 1993. Muda si mrefu nyingi zikawa zimeibwa na mpango ukafa. Kabla yao, mwaka 1965, vijana wa Amsterdam walioitwa Provo walipaka baiskeli rangi nyeupe wakaziacha barabarani bila kufuli, kila mwenye haja apande kisha aiache kwa mwingine. Polisi walizikamata, kwa hoja kwamba sheria ilikataza kuacha baiskeli isiyofungwa. Vijana wale wakatii. Walizifunga baiskeli zao kwa kufuli za namba, na namba ya kufungulia wakaiandika juu ya baiskeli yenyewe, isomwe na kila apitaye.