Je, Tutawale Maisha Yetu Kama Duka?

Vijana wetu wengi wanapenda vitabu vinavyofundisha namna ya kufaulu. Vitabu hivyo vinasema: jitawale kama mkubwa wa kampuni anavyotawala kampuni yake. Panga mwaka wako, hesabu saa zako, ujue faida inatoka wapi na hasara inaingia wapi, umwache mtu asiyekuletea faida. Wakristu wengine wanauliza: je, mashauri hayo ni mema, ao ni choyo tu iliyovikwa kanzu nzuri?

Kwanza tuseme wazi kwamba Eklezia haichukii hesabu. Kitabu cha kwanza kupigwa chapa ambacho kilieleza namna wachuuzi wa Venezia walivyoandika mapato na matoleo kiliandikwa na mtawa Mfransisko, Luca Pacioli, mwaka 1494. Namna hiyo hakuizua yeye; alieleza tu yale wachuuzi waliyozoea kufanya. Naye anaanza hivi: kabla ya yote mchuuzi aandike orodha ya mali yake yote, pamoja na madeni anayowadai watu na yale watu wanayomdai.

Tupime shauri hilo juu ya nafsi zetu. Kuandika tulivyo navyo ni rahisi: diploma, nguvu, akili. Upande wa madeni ndio tunaoupita mbio. Nani alilipa feza ya masomo yetu? Nani alichota maji na kulima shamba wakati sisi tulipokaa shuleni na kalamu mkononi? Mtu anayesema «nimefaulu kwa nguvu zangu mwenyewe» ameandika nusu tu ya kitabu, na karani mwaminifu angemrudishia akimalize.

Lakini shauri linaloleta ugomvi nyumbani ni lile la kutenga feza ya kazi na feza ya mfuko. Tumfikiri mama anayeuza sambaza kwenye soko la Kadutu, kule Bukavu. Jioni anarudi na feza inayoonekana nyingi. Kumbe sehemu kubwa ni ya kununua samaki wa kesho. Faida yenyewe ni franka chache. Mara mpwa wa mume wake anabisha hodi: viatu vyake vimepasuka, na Jumamosi kuna arusi. Kesho yake anakuja binamu. Baada ya majuma mawili karai ni tupu, na wale waliosaidiwa nao hawana tena mlango wa kubisha. Je, mama huyo akikataa, amevunja amri ya mapendo?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aligusa neno hilo alipofundisha juu ya sadaka. Anasema tunapaswa kutoa katika vile vinavyozidi mahitaji yetu na ya watu tunaowatunza. Basi mtaji wa mama huyu si kitu kilichozidi. Ni jembe lake, ni mbegu yake. Na hapa kwetu hata mgeni wa heshima hapikiwi mbegu. Lakini Tomaso huyohuyo anaongeza kwamba mtu aliye katika shida ya mwisho lazima asaidiwe. Viatu vya arusi vinaweza kungoja. Mtoto mwenye homa kali kwenye mlango wa hospitali hawezi kungoja, na hapo hata feza ya samaki itoke. Vitabu vingi vya kufaulu havijui tofauti hiyo: mpwa wa viatu na mtoto wa homa vinawaandika katika mstari mmoja, mstari wa hasara.

Tena kuna namna ya kukataa. Mtakatifu Benedikto, aliyeishi Italia katika karne ya 6, aliweka katika Kanuni yake sura ya 31 juu ya mtawa mwenye kutunza ghala. Asiwe bahili, wala asiwe mharibifu. Vyombo vyote vya nyumba avitazame kama vyombo vitakatifu vya altare. Na ndugu akimwomba kitu kisichopo, ampe walau neno jema. Angalieni: katika kanuni ya ghala, uso wa mwombaji nao umehesabiwa! Sababu yake ni kwamba mtunza ghala si mwenye mali. Amewekewa na Abate, na juu ya Abate kuna Mungu.

Kwa hiyo shauri moja la vitabu hivyo tunalikataa kabisa: lile la kumwacha asiyeleta faida. Kampuni inaweza kufunga duka linalokula mali yake. Bibi mzee aliyepofuka hafungwi kama duka. Anayekesha matangani na kuhesabu saa anazopoteza anajua hesabu, ndiyo, lakini ya kampuni tu.

Na yule mama wa sambaza? Tungemshauri awe na mabati matatu: moja la samaki, moja la nyumba, na moja dogo la wenye shida. Siku moja amwite mume wake pamoja na mashemeji, amwage feza mezani mbele yao, awaonyeshe ipi ni ya wavuvi na ipi ni ya kula. Kiasi cha kutia katika bati la tatu wakipatane yeye na mume wake kabla mtu hajabisha hodi.