Chumba Kwanza, Spika Baadaye

Juu ya kilima cha Kikaaya, kaskazini mwa Kampala, lipo hekalu la Wabahai lililofunguliwa Januari 1961. Ndani yake ala za muziki haziruhusiwi. Maandiko husomwa na kuimbwa kwa sauti tupu ya binadamu. Ukiziondoa mashine zote namna hiyo, vinabaki kinywa, sikio na jengo lililo kati yao. Mwenye sebule mtaani Ntinda au Kansanga anayejiuliza kama fedha zake azipeleke kwenye spika au kwenye amplifaya afadhali aanzie hapo. Nadai kwamba cha kwanza kuboreshwa ni chumba, na sababu zake si za kifundi tu.

Za kifundi ni nyepesi kuthibitisha. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia, kazi ya kuuponya ukumbi ambamo mihadhara haikueleweka, kwa kuwa kila neno lilidumu hewani zaidi ya sekunde 5. Hakumwambia msemaji apaze sauti. Alileta mito ya viti, akapima, akaonyesha kwamba mwangwi hutegemea ukubwa wa chumba na wingi wa vitu laini vilivyomo. Sebule ya vigae, saruji na vioo vipana ina ugonjwa uleule, na amplifaya kubwa huukuza mwangwi sawasawa na wimbo wenyewe. Tena wati 100 badala ya 50 huongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, nguvu inatakiwa iongezeke karibu mara 10. Maboksi madukani hayasemi hivyo.

Hoja nzito ya upande wa pili ni ya Ivor Tiefenbrun wa kampuni ya Linn, Scotland, aliyeshikilia tangu miaka ya 1970 kwamba chanzo ndicho kitangulie: kilichopotea kwenye santuri hakuna spika itakayokirudisha. (Alikuwa akiuza mashine za santuri, hilo haliibatilishi hoja, linaeleza bidii yake.) Kimantiki hajakosea. Ila alisema hayo wakati sindano ilipokuwa ndiyo sehemu dhaifu. Tangu CD ilipoingia sokoni 1982, na sasa simu ya kawaida, chanzo ndicho chenye makosa machache kuliko vyote, na anayeanza nacho leo anatibu kiungo kizima.

Kwa nini basi macho yetu hukimbilia kifaa? Askofu Augustino, katika kitabu cha 10 cha Maungamo, alijilaumu kila uimbaji ulipomgusa zaidi kuliko kile kilichoimbwa. Lawama hiyo inamfaa zaidi anayependa mashine kuliko uimbaji. Mwanachuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, katika kitabu chake Ihya, ananukuu sharti la Sufi Junayd wa Baghdad kwamba kusikiliza kunataka vitu vitatu: wakati, mahali na wenzako. Ala haikutajwa. Na Kampala wenzako si walioketi sebuleni tu. Katika mizigo, vile vyumba vya kupanga vinavyopakana ukuta kwa ukuta, jirani anayelala kabla ya zamu ya alfajiri yumo ndani ya usikilizaji wako, apende asipende.

Mtu atasema: mpangaji hawezi kubomoa ukuta, na pazia halizuii besi. Kweli, halizuii. Faida ya chumba kilichotulizwa ni nyingine: maneno husikika vizuri kwa sauti ya chini, kwa hiyo kitasa cha sauti hurudishwa nyuma na besi ya kumfikia jirani hupungua tangu mwanzo. Uboreshaji mwingine karibu wote hukushawishi upandishe. Gharama nayo ni zulia, mapazia mazito, kabati la vitabu, na kuiondoa spika kwenye kona, ambako besi huvimba bure.

Spika iliyochanika isisubiri zulia, ibadilishwe leo. Ikiwa nzima, zamu yake ni ya pili, na amplifaya ya zamani isiyovuma inaweza kukaa miaka mingi bado.