Msafiri Aliyebeba Nyumba Yake

Mwishoni mwa Agosti nyasi za tambarare za South Dakota, Marekani, huwa zimekauka, alizeti zimeinamisha vichwa, na upepo wa ubavuni unawalazimu madereva kushika usukani kwa mikono miwili. Barabara kuu ya I-90 inaelekea magharibi, inapita Badlands, inaifikia milima ya Black Hills, kisha inaingia Wyoming kuelekea milima ya Bighorn. Katikati ya malori yamo magari-nyumba. Mengine ni sawa na basi zima lenye kitanda, jiko na choo, mengine ni karavani zinazovutwa na pikapu. Wengi waliomo wako likizoni na karibuni watarudi makwao. Wapo pia wasio na pa kurudi: wameuza nyumba, wamegawa samani, na gari ndiyo nyumba yao mwaka mzima.

Baadhi yao wana pesa na wamejichagulia maisha hayo. Wengine wamesukumwa. Mwaka 2017 Jessica Bruder alichapisha kitabu chake *Nomadland* kuhusu wazee wa Marekani ambao, baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, waliona pensheni haitoshi kodi ya nyumba wakahamia kwenye magari. Filamu iliyotokana nacho, ya Chloé Zhao, ilipata Oscar ya filamu bora mwaka 2021.

Anayeishi safarini siku zote, je, ni msafiri?

Mafakihi wa Kiislamu walilijadili swali hilo karne nyingi kabla ya injini kuwapo. Msafiri ameruhusiwa kuzipunguza sala za rakaa nne ziwe mbili. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, ruhusa hiyo hukoma akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka. Sasa, vipi baharia anayeishi chomboni na mke na watoto? Imamu Ahmad bin Hanbal alisema huyo asipunguze, maana hajatoka kwake. Imamu Shafii alimruhusu, ila akaona ni bora aikamilishe sala yake. Wamehitilafiana katika hukumu, lakini wote wawili walijali jambo lile lile: mtu huyu ameiacha nyumba yake, au anatembea nayo?

Na kuna jambo ambalo hakuna imamu aliyelipunguza, nalo ni haki za watu. Deni la msafiri halishuki kuwa nusu kwa sababu mdaiwa yuko njiani.

Hapo ndipo swali linapokuwa zito. Dini zinazomtaja Ibrahimu zimemsifu sana mpita njia. Mtume Muhammad alimwusia Ibn Umar aishi duniani kama mgeni au mpita njia. Waraka kwa Waebrania unamheshimu Ibrahimu kwa kukaa hemani. Wayahudi, kila sikukuu ya Vibanda ikifika, hukaa siku saba katika vibanda vya muda ili wakumbuke jangwa. Aliyeuza nyumba akaingia barabarani anaweza kuamini kwamba ameutimiza wasia huo kwa mwili wake, na kweli amejitua mzigo wa vitu. Lakini akikoma hapo, atakuwa ametua na ujirani pia. Wasia wa kuwa mgeni duniani ulitolewa kwa watu waliokuwa na majirani, wagonjwa wa kutembelea na maiti za kuzika. Haukukusudiwa kuwaondolea kazi hizo.

Serikali nayo humtaka msafiri awe na mahali. South Dakota, jimbo lisilotoza kodi ya mapato, limewapa wengi leseni ya udereva kwa risiti ya usiku mmoja wa hoteli au kambi, pamoja na anwani ya kampuni ya kupokelea barua. Mwaka 2023 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kumtaka anayejiandikisha kupiga kura awe ameishi humo siku 30. Ni haki mkazi kudai kwamba anayeamua mambo ya shule na barabara aishi na matokeo ya kura yake. Ni haki pia msafiri kuuliza: mimi raia, nisipopiga kura hapa, nitapiga wapi?

Ardhi yenyewe ina kesi ya zamani zaidi. Walakota, wenyeji wa asili, walihamahama kwenye tambarare hizi na mahema yao wakifuata nyati. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwahakikishia Black Hills. Dhahabu ikaonekana, na mwaka 1877 Marekani ikaichukua milima hiyo. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu iliamua walipwe fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Walakota waliikataa, wakasema wanataka milima yao, na fedha hizo zimeendelea kuzaa riba hadi kupita dola bilioni 1. Watu waliojua kuhama kuliko wote walifungiwa kwenye maeneo waliyotengewa, na leo wengine wanahama katika nchi ile ile wakisifiwa kwa uhuru wao. Anayeegesha gari karibu na mlima Bear Butte, jirani na mji wa Sturgis, ataona vitambaa vya rangi vimefungwa kwenye matawi kando ya njia. Hizo ni sala za Walakota na Wacheyenne, na mgeni huombwa asiviguse wala asivipige picha.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la barabarani lipo, nalo linaanzia chooni. Asubuhi ya kuondoka kambini dereva huvaa glavu, huunganisha mpira mnene na tundu la kumwagia maji machafu, hufungua kwanza tangi la choo, kisha tangi la maji ya sinki na bafu ili yausafishe mpira. Akimaliza, huosha sakafu palipochuruzika, kwa ajili ya mtu atakayefuata ambaye hatamwona kamwe. Kwenye misitu mingi ya taifa mtu huruhusiwa kukaa bure siku 14 kwa kawaida, kisha ahame, ili ardhi ipumzike na mwingine apate nafasi. Anayeitii kanuni hiyo pasipo askari wa kumsukuma amekwisha kuukubali ujirani.

Kwenye milima, ambako theluji inaweza kuanguka Septemba, baadhi ya wasafiri hawa hupewa nafasi ya kuegesha msimu mzima kwa kazi ya uenyeji wa kambi: hufagia vyoo, huwapokea wageni, huhakikisha majivu yamepoa kabisa kabla upepo haujaamka.

Uzee ndio unaolipima jambo hili kwa ukali kuliko yote. Macho yakififia, usukani hauwezekani tena, na aliyekuwa akihama kila juma hana mtaa wa kumtunza. Joe na Kay Peterson, walioanzisha chama cha wasafiri cha Escapees mwaka 1978, waliliona hilo. Chama chao kina kituo huko Livingston, Texas, kiitwacho CARE, ambako wazee na wagonjwa huegesha magari-nyumba yao na kuendelea kulala kwenye vitanda vyao wenyewe. Hupikiwa, hufanyiwa usafi, hupelekwa kwa daktari. Sehemu ya kazi hiyo hufanywa na wasafiri ambao bado wana nguvu: huja na magari yao, hujitolea kwa majuma kadhaa, halafu huwapisha wengine na kuendelea na safari.