Je, Iko Damu Safi na Damu Chafu?

Mara nyingi vijana wajapo kuandikisha ndoa, twasikia wazee wakinong'ona: ukoo ule una damu mbaya. Walinenalo ni ugonjwa wa selimundu, ambao watoto huurithi kwa wazazi wao. Na wazee wa milimani hulisema neno hilo hasa juu ya watu wa pwani na wa ziwani, wakijisifu kwamba damu yao wenyewe ni safi. Yafaa tulipime neno hili.

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea uganga Uingereza, alipima damu za watu wa Kenya. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria aliwakuta wengi wenye alama ya selimundu, mahali pengine hata watu 20 na zaidi katika 100. Bali katika nchi ya juu walikuwa haba mno. Mwaka 1954 alieneza sababu yake: palipo na malaria nyingi, ndipo alama hiyo ilipo nyingi. Maana aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu, malaria kali haimwui kwa urahisi utotoni. Lakini aliyeirithi kwa wazazi wote wawili, chembe zake za damu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo, na maumivu ya mifupa humtesa.

Basi mtu wa mlimani ajisifu kwa nini? Hakuichagua damu yake. Ni baridi tu iliyowazuia mbu. Wala jambo hili halifuati rangi ya ngozi. Alama ileile iko Ugiriki, Sisilia, Uhindi na mashariki ya Uarabuni. Atakaye kuwagawanya wanadamu kwa alama hiyo, itambidi awaketishe Wagiriki wengine benchi moja na Wadigo, na Wakikuyu pamoja na Waswidi. Nasi twadhani wote wangeshangaa.

Lakini mtatuambia: maarifa hayo hayamwondolei mtoto maumivu. Kweli kabisa. Mume na mke wakiwa na alama wote wawili, kila mimba ina hatari 1 katika 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa. Na kwamba mtoto wa kwanza alizaliwa mzima, hakupunguzi hatari ya wa pili. Kwa hiyo kunyamaza si upendo. Twawashauri vijana wapimwe kabla ya maneno ya mahari, si wakati ng'ombe wamekwisha kutolewa na wageni kualikwa. Wakijua, wachague wenyewe kwa macho wazi. Wako watakaoachana kwa huzuni, na wako watakaooana; hatuthubutu kusema kwamba hawa au hao wamekosa.

Lililo kosa ni kumrudisha mama kwao kwa sababu amezaa mtoto wa selimundu, na huku baba ameketi barazani kama asiyehusika. Mtoto yule hakuugua illa kwa kupokea alama kutoka kwa wote wawili. Ukoo unaomfukuza mke kwa damu yake, unayo damu ileile.

Na cheti cha kipimo? Ni chao wale wawili. Kanisani hutangazwa majina yao tu. Wazee wa baraza wasikiulize cheti hicho, wala sisi hatutakiuliza, illa wenyewe wakija kutaka shauri.